Kipande Kilichobaki Hospitali

Hospitali haikuwa na desturi ya kumpigia mtu simu kumjulia hali. Mtu huenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka kiuno kimwambie basi, na akiitwa huitwa kwa jina lisilo lake. Ndiyo maana simu ilipolia, na sauti ya msichana ikasema, "Shikamoo baba, mimi ni daktari, nilitaka kujua mama anaendeleaje na kidonda," muuza nyama hakuitikia haraka. Alifuta mkono kwenye koti lake jeupe, akaitazama simu, akairudisha sikioni. Tangu lini daktari akamwamkia mtu? Huyu ana kitu anakitaka.

"Marahaba," alisema. "Anaendelea vizuri. Kwani vipi?"

"Ningeomba mje wote wawili, siku yoyote wiki hii. Kile kidole tumbo tulichomtoa tulikipeleka maabara, na kuna jambo tumeliona. Si la kuzungumza kwenye simu."

"Sisi malipo tulishamaliza."

"Si malipo, baba. Safari hii hamtalipa chochote."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia sawasawa. Cha bure ghali, na cha bure cha hospitali ni ghali zaidi.

Mtaani walimwita Kilo Kasoro, na waliomwita hivyo hawakumwonea. Kidole chake kilikuwa na tabia ya kukaa kwenye mzani pamoja na nyama, na kile kipande kizuri alichomwonyesha mteja kilikuwa na tabia ya kubaki mezani chini ya kitambaa, kikimngoja mteja mwingine mwenye kujua bei. Hakuwa mtu mbaya. Msibani alikuwa wa kwanza kuchangia, na hao hao waliomtania usoni leo, kesho walirudi na vikapu vyao. Ila kazi ilikuwa imemfundisha somo moja, naye alilichukua kuwa ndiyo elimu yote ya dunia: kila aliyesimama nyuma ya meza ana kitu chini ya meza.

Mkewe alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu pale pale uani, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuinua tena pasi ya mkaa baada ya ule upasuaji wa dharura. Mumewe alipompa habari ya simu aliiweka pasi kando.

"Wameona nini?"

"Watatuambia watakachotaka tukijue," alisema Kilo Kasoro.

*

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, meza moja, hadubini moja, na viti viwili, kimoja kibovu. Kilo Kasoro alikalia kile kibovu. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Kazi yake haikuwa kutibu watu bali kutazama vipande vyao kwenye vioo vya hadubini, na hata wauguzi walimwita daktari wa vioo.

"Mama, ndani ya kidole tumbo chako kulikuwa na uvimbe mdogo," alisema. "Usishtuke. Ni aina ambayo kwa kawaida hukua polepole sana."

"Ni saratani?" aliuliza dobi.

"Ni jamaa yake. Lakini ni nadra mno. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusoma vitabuni tu."

Alichukua karatasi akachora kitu kama kidole. Hii ni ncha, alieleza, na hili ni shina, mahali kiliposhikana na utumbo. Uvimbe ulikaa karibu na shina. Zamani mgonjwa wa namna hii alirudishwa kitandani moja kwa moja akakatwa sehemu ya utumbo mpana, kwa tahadhari. Lakini siku hizi watafiti wa nchi mbalimbali wameanza kuweka wagonjwa wao pamoja, kwa sababu hakuna hospitali hata moja yenye wa kutosha peke yake, na kila wanapowafuatilia wanazidi kuona kwamba wengi wenye uvimbe mdogo walikatwa bure.

"Kwa hiyo swali letu ni moja tu," alisema. "Siku ile ya upasuaji, uvimbe ulitoka wote, au kisu kilipita katikati yake? Kama ulitoka wote, mama unakwenda zako kupiga pasi, tutakuwa tunakuangalia mara moja moja. Kama haukutoka wote, itabidi upasuliwe tena."

"Si muangalie sasa hivi?" alisema Kilo Kasoro.

"Kipande cha shina tumekigandisha ndani ya nta, baba, kisiharibike. Kinahitaji rangi maalumu, na imetuishia. Tumeagiza, itafika wiki ijayo."

"Imeisha."

"Imeisha."

Kilo Kasoro alitikisa kichwa taratibu. Yeye pia humwambia mteja kwamba steki imeisha.

Daktari aliendelea. Aliomba ruhusa: baada ya kipimo, je, mama atakubali kipande kihifadhiwe, na habari za ugonjwa wake ziingizwe kwenye huo utafiti, bila jina lake? "Kipo hicho kimoja tu," alisema. "Tukikipoteza, hatupati kingine."

"Kama kitamfaa mtu mwingine, kichukueni," alisema dobi.

"Tutazungumza nyumbani," alisema mumewe. "Hao watafiti wa nchi mbalimbali, nani anawalipa?"

"Kuna fedha za utafiti. Si nyingi."

"Ahaa. Basi tutazungumza nyumbani."

"Samahani, baba," alisema binti, kwa adabu kabisa. "Ruhusa ni ya mama. Tumbo ni lake."

Kilo Kasoro alihisi masikio yanapata moto. Mtoto wa juzi, tena mbele ya mkewe! Walipoukaribia mlango wa nyumba ndipo alipoanza.

"Umeona alivyokuharakisha? 'Ruhusa ni ya mama.' Kitu adimu, kimoja tu, nchi mbalimbali zinakitaka, halafu sisi tusilipwe wala tusilipe. Mimi ni mtoto mdogo?"

"Mume wangu, wewe hata mtu akikupa salamu unahesabu vidole vyako kama vimetimia," alisema dobi. "Mimi nimekubali. Yaishe."

*

Hayakuisha. Jirani yake pale sokoni alikuwa muuza utumbo, mtu wa maneno mengi na meno machache, na Kilo Kasoro alipomsimulia aliacha kuosha matumbo yake akaketi kabisa.

"Ndugu yangu, mimi nauza utumbo wa ng'ombe, wa kila siku, na watu wanaugombania. Sasa wa mtu! Tena wa nadra! We unadhani wanauweka kwenye nta waupambie ukuta?"

"Ndilo ninalosema."

"Na hiyo rangi iliyoisha itafika wiki ijayo, na wiki ijayo utaambiwa kipande hakionekani. Asiyekuwepo na lake halipo. Kakichukue ukione kwa macho yako."

Kilo Kasoro hakuhitaji kusukumwa sana. Miongoni mwa wateja wake alikuwemo mtunza maabara wa hospitali ile ile, mtu mkimya mwenye watoto wengi, aliyekuja kila Jumamosi kununua nyama ya mifupa. Jumamosi hiyo alikatiwa maini, yakapimwa bila kidole, yakafungwa vizuri, na alipoingiza mkono mfukoni akaambiwa aache.

"Nataka nikione tu," alisema Kilo Kasoro. "Ni kitu cha mke wangu. Nampelekea daktari mwingine akitupie jicho, nakirudisha."

Mtunza maabara alilitazama furushi la maini kwa muda mrefu. "Daktari amesafiri," alisema hatimaye. "Amekwenda kwenye mkutano wa hao watafiti wenzake. Jumatatu asubuhi anarudi. Kisipokuwepo Jumatatu, mzee wangu, mimi kazi sina."

"Kitakuwepo."

Jioni hiyo, soko lilipoanza kupungua watu, Kilo Kasoro alishusha mlango wa bucha nusu, akafungua bahasha aliyoletewa na mtunza maabara. Ndani mlikuwa na kijisanduku cha plastiki, na juu yake donge la nta jeupe, si kubwa kuliko kipande cha sabuni kinachobaki bafuni. Alilishika kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na kivuli cha rangi ya kahawia. Kingeweza kuwa chochote. Kingeweza kuwa cha kuku.

Sasa, muuza nyama hapokei nyama iliyofungwa. Machinjioni, ukiletewa robo ya ng'ombe ndani ya gunia, unalifungua gunia, unaigeuza nyama, unainusa, unabonyeza, ndipo unasema nimepokea. Anayepokea gunia akaenda nalo nyumbani, akikuta mifupa asimlaumu mtu. Kilo Kasoro hakuwaza hata mara mbili. Alichemsha maji kwenye sufuria ya kuoshea visu, akatumbukiza donge lile, akasubiri gunia lifunguke.

Nta iliyeyuka ikaelea juu. Chini kilibaki kitu kikavu, chembamba kama ukucha uliokatwa. Alikiopoa kwa ncha ya kisu, akakinusa. Hakikunuka nyama, hakikunuka chochote. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyobonyeza nyama maisha yake yote, kikamumunyika.

"Ndiyo hiki?" alisema kwa sauti, peke yake. "Hiki ndicho kimekusanya nchi mbalimbali?"

Alicheka. Walimwona mjinga hata kwenye kupokea mali yake. Kipande chenyewe wamekificha, wamempa takataka. Akafuta kidole kwenye mkono wa koti, akaimwaga sufuria yote kwenye mfereji wa bucha, akasukumia na ndoo ya maji kama alivyosafisha kila jioni. Takataka, alijiambia, hairudishwi Jumatatu. Alirudi nyumbani amechangamka, akala vizuri, akalala.

*

Jumatatu waliitwa. Safari hii daktari wa vioo hakuwa na salamu nyingi. Rangi ilikuwa imefika; ilikuwa juu ya meza, kichupa kidogo kisichofunguliwa. Mpasuaji naye alikuwepo, mzee wa maneno machache aliyesimama mikono nyuma. Mtunza maabara alikuwa mlangoni, akitazama viatu vyake.

"Mama," alisema binti, "kipande cha shina hakionekani. Tumetafuta tangu asubuhi. Kilikuwa chini ya uangalizi wangu, kwa hiyo kosa ni langu. Naomba radhi."

"Nilijua!" Kilo Kasoro alipiga meza mpaka kichupa kikatikisika. "Nilimwambia mke wangu! Mmekiuza! Sema mmekiuza kwa nani!"

Binti alikisogeza kichupa kisianguke. Hakujitetea. Muuguzi aliyekuwa akipita alichungulia, akaona, akaendelea na safari yake, na kabla ya mchana hospitali nzima ingekuwa inajua. Kilo Kasoro alijisikia vizuri. Tangu aambiwe ruhusa ni ya mama hakuwa amejisikia vizuri namna ile.

"Tukubali yaliyotokea," alisema mpasuaji. "Vioo vilivyobaki vinaonyesha katikati ya uvimbe, havionyeshi pale tulipokata. Sijui kama niliutoa wote. Na mimi sibahatishi na utumbo wa mtu. Mama tutampasua."

Dobi aliweka mkono tumboni, pale penye kovu lililokuwa bado bichi.

"Lakini si mlisema..." Kilo Kasoro alianza. "Si mlisema huenda halihitajiki hilo la kupasua?"

"Huenda," alisema daktari wa vioo. "Kile kipande ndicho kilichokuwa kitutoe kwenye huenda."

Ilimchukua muda jambo lile kumfikia. Lilipomfikia, lilimfikia lote kwa pamoja. Kile kitu kama ukucha. Kidole chake gumba. Alimtazama mtunza maabara, na mtunza maabara akainua macho kwa mara ya kwanza, macho ya mtu anayeomba, bila kujulikana anaomba asemewe au asisemewe.

"Na kama kingepatikana?" aliuliza Kilo Kasoro. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tuseme kimepatikana mahali, hata kama kimelowa?"

"Kimelowaje?" alisema daktari.

"Nauliza tu."

Mkewe aligeuza kichwa akamtazama. Aliendelea kumtazama mpaka mpasuaji alipotaja siku ya kulazwa.

*

Nyumbani dobi hakubadilisha nguo za kutokea. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaanua koti jeupe la bucha, akamtandikia mumewe mezani.

"Jumapili nilifua hili," alisema. "Mkono wa kulia ulikuwa na nta. Nta haitoki kwa sabuni, nikaweka karatasi juu nikapitisha pasi ya moto mpaka ikanywewa yote. Nikawa najiuliza, mume wangu anawasha mshumaa gani bucha, na umeme upo?"

Kilo Kasoro alikaa chini.

"Nilitaka kuhakikisha tu," alisema.

"Ukakifanya nini?"

Alimweleza. Sufuria, maji ya moto, kisu, kidole, mfereji. Alipofika kwenye mfereji dobi aliinua mkono, akashusha pumzi, kisha akamwashiria aendelee, lakini hapakuwa na cha kuendelea.

"Nilidhani wanatupunja," alisema.

"Wanakupunja nini wewe? Ulikuwa na nini pale?"

"Mke wangu, nimekosa. Lakini hata ningesema pale, maji yakimwagika hayazoleki. Kipande kisingerudi."

"Sikuulizi kipande." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililomtisha. "Yule binti aliomba radhi mbele ya watu kwa kosa lako, na wewe ukampigia meza. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikamwonea aibu, nikasema moyoni, kumbe mume wangu aliona mbali."

Aliketi naye, upande wa pili wa meza.

"Mara ile sikuogopa," alisema. "Maumivu yalikuwa makali, hata wangenikata kichwa ningewashukuru. Sasa siumwi. Nitakwenda kwa miguu yangu, mzima, nilale, wanifungue. Naogopa, baba watoto. Naogopa mno."

Alitaka kumshika mkono. Aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya meza, akaurudisha.

"Kesho utakwenda kumwambia daktari," alisema dobi. "Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea."

"Kesho," alisema Kilo Kasoro.

Kesho yake ng'ombe walichelewa kutoka machinjioni. Siku iliyofuata alifika mpaka kwenye geti la hospitali, akamwona mtunza maabara amekaa nje ya ukuta na nguo za nyumbani, wakati wa kazi. Alivuka barabara kabla hawajaonana. Baada ya hapo alijiambia kwamba si vizuri kumvuruga daktari kabla ya upasuaji, akitetemeka mkono je, ingawa alijua vizuri kwamba mwenye kukata ni mpasuaji na daktari wa vioo hashiki kisu.

*

Walimpasua dobi, akatoka salama. Kidonda cha safari hii kilishuka kutoka juu ya kitovu hadi chini yake. Aliambiwa asiinue kitu kizito kwa miezi, na wateja wake wakaanza kupeleka nguo kwa dobi mwingine. Walimwonea huruma, lakini walihitaji mashati. Dada yake alikuja kukaa naye wodini, kumgeuza na kumlisha, maana mgonjwa alikuwa amesema wazi kwamba hataki kugeuzwa na mumewe.

Siku ya majibu Kilo Kasoro alikuwa amesimama upande wa miguuni, na kapu la matunda ambalo hakuna aliyemwomba. Daktari wa vioo aliingia mwenyewe. Alikuwa amekonda.

"Mama, nimetazama utumbo wote waliokutoa, sehemu kwa sehemu," alisema. "Hakuna kitu. Hakuna hata dalili. Uvimbe ulikuwa umetoka wote tangu mara ya kwanza. Umepona."

Dada yake dobi alipiga kigelegele mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akaamka. "Umesikia, shemeji?" alimwambia Kilo Kasoro, akimtikisa bega. "Mbona umesimama kama mwenye deni? Mkeo mzima!"

"Nimesikia," alisema Kilo Kasoro.

Dobi peke yake hakushangilia. "Daktari," alisema, "kwa hiyo kama mngekiona kile kipande cha kwanza, mngeniacha?"

Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Angeweza kuzunguka, lakini hakuzunguka. "Ndiyo, mama. Tungekuacha. Ungekwenda nyumbani."

Kigelegele kiliisha. Dobi alitikisa kichwa kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu hata kutikisa kichwa kulivuta kidonda.

"Na ule utafiti wenu. Bado mnataka ruhusa yangu?"

"Kama hujatuchoka."

"Nimeruhusu. Huu utumbo mlionitoa, na vile vioo, kaeni navyo, watazame watu wa nchi zote, labda mwingine ataponea hapo." Alipumzika kidogo. "Lakini msimkabidhi mtu. Hata akija mtu akawaambia yeye ni mume wangu, msimpe."

Dada yake alianza kucheka, akadhani ni mzaha wa mgonjwa. Daktari hakucheka. Aligeuka taratibu mpaka akawa anatazamana na yule mwanamume wa upande wa miguuni, na kapu lake.

Kilo Kasoro aliliweka kapu sakafuni.

"Yule mtunza maabara mrudisheni kazini," alisema. "Alinipa kwa sababu nilimdanganya. Kipande nilikichukua mimi."

Alimtazama mkewe, akitumaini kwamba hayo yametosha, kwamba mengine atasamehewa asiyataje mbele ya watu. Dobi alikuwa amefumba macho, uso wake umeelekea ukutani.

"Endelea," alisema. "Nakusikia."